Shajara ya mradi: LinuxCNC iko Keko, mimi niko Dodoma

Hali ilivyo

Mashine ni CNC ya kuchonga mbao, yaani inaongozwa na kompyuta, meza ya mita 1.2 kwa 1.5, iko kwenye karakana ya mjomba Keko, Dar es Salaam. Inachonga paneli za milango, vichwa vya vitanda na vibao vya maduka. Mihimili (X, Y na Z) inasukumwa na mota za hatua, zinazogeuka hatua moja kwa kila pigo la umeme; spindo, mota inayozungusha biti ya kukatia, ni ya kilowati 2.2 na inaendeshwa na inveta. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba, ilinunuliwa Kariakoo kwa sababu moja tu: nyuma bado ina ile poti ya printa ya pini 25. Ndani kuna Debian 12 (Linux) yenye kerneli ya PREEMPT_RT, inayojali kila kazi ifanyike kwa wakati wake, LinuxCNC 2.9, programu huria inayoiongoza mashine, na AXIS, skrini yake.

Ofisi yangu imehamia Dodoma. Tangu hapo kila faili la kuchonga lina msururu wake: nalitayarisha usiku, nalituma WhatsApp, dogo wa mashine analipakua kwenye simu, analitia kwenye flashi, flashi inaingia kwenye kompyuta. Jambo likikwama napigiwa simu nisomewe skrini kwa mdomo. "Injinia, imeandika kitu pale kwenye kona, chini." Kitu gani? "Sijui, nimeshakifuta." SGR imefupisha njia, lakini hakuna anayepanda treni kwenda kusoma ujumbe wa swichi ya ukomo.

Ninachotaka ni kuona kinachoendelea, kupakia faili mwenyewe, na kuweza kuisimamisha kazi. Kuhusu kuianzisha kutoka huku sijaamua. Nitajua nikishapima.

Kilichonipa moyo ni jinsi LinuxCNC ilivyojengwa. Asili yake ni EMC, kidhibiti kilichoandikwa miaka ya 1990 na NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali iliachiwa umma, na watu wa mashine wakaiendeleza kama programu huria kwa jina la EMC2 hadi 2011. Wale wa NIST waliitenga skrini na kidhibiti. Skrini haigusi mota hata kidogo: inatuma ujumbe tu kwa mfumo wao wa NML, kwamba sogea, endesha faili, simama, kisha inasoma hali. Anayetuma ujumbe anaweza kuwa AXIS, anaweza kuwa skripti ya Paitoni, wanaweza kuwa wote kwa pamoja. Mapigo ya mota yanatengenezwa na sehemu nyingine kabisa inayokwenda kwa wakati halisi, na hiyo haina habari kama kuna intaneti duniani.

Ucheleweshaji kwanza

Kabla ya kuweka chochote cha mbali nimekaa na `latency-histogram`, programu inayopima kompyuta inachelewa kiasi gani kuitikia. Mashine yetu haina kadi ya kutengeneza mapigo, kompyuta yenyewe ndiyo inayapiga kupitia poti ya printa, kwa hiyo hapa hakuna mchezo.

Hesabu ni hii. Boliskru ya X, ile skrubu inayosukuma mhimili, inasogea milimita 10 kwa mzunguko mmoja. Draiva, kifaa kinachoipa mota umeme, imewekwa hatua 1600 kwa mzunguko, maana yake hatua 160 kwa kila milimita. Kasi ya kusafiri niliyoiweka ni milimita 6000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde, na hiyo inadai mapigo 16,000 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna mikrosekunde 62.5. Uzi wa haraka wa LinuxCNC, ile kazi inayopiga mapigo, nimeuweka uamke kila mikrosekunde 25. Nyaraka za mradi zinasema kompyuta ikichelewa chini ya mikrosekunde 15 hadi 20 inafaa sana kwa kazi ya namna hii, ikifika 30 hadi 50 bado utafanya kazi ila kasi ya juu itakusikitisha, na 100 kwenda mbele utafute kompyuta nyingine.

Ikiwa na AXIS peke yake, kompyuta ya Keko ilikaa chini ya 20. Nikaongeza x11vnc ili nione skrini kutoka mbali, ikapanda. Nikachomeka kamera ya USB na kuanza kurusha video, ikapiga karibu na 45. Sasa weka hiyo 45 kando ya ile 62.5 uone. Pigo likichelewa kiasi hicho mota inashtuka, na mota ya hatua ikishtuka kwenye mwendo kasi inaruka hatua bila kumwambia mtu. Kompyuta inaamini iko kwenye X 400, spindo iko kwenye 398, na ubao wa mninga ndio unaolipa.

Nimefanya mambo mawili. Prosesa ina viini vinne, kwa hiyo nimeongeza `isolcpus=3` kwenye mstari wa kuwasha kerneli ili kiini cha mwisho kisipewe kazi nyingine, na LinuxCNC inakichukua chenyewe. Kamera nimeihamisha kabisa, sasa iko kwenye kompyuta ndogo yake ya Raspberry Pi pembeni. Histogramu imerudi chini ya 20 hata skrini ikitazamwa. Video pia nimeiacha: Pi inapiga picha ya kawaida kila sekunde 5. Picha moja ni kama kilobaiti 40, saa nzima haizidi megabaiti 30, na bando la karakana linavumilia.

Njia ya kufika Keko

Intaneti ya karakana ni laini ya simu ndani ya modemu. Laini kama hizi hazina anwani ya wazi ya kwake mwenyewe, mamia ya wateja wanatoka kwa anwani moja ya kampuni, hivyo huwezi kupiga hodi kutoka nje. Na mimi Dodoma niko vilevile. Suluhisho ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, pande zote mbili zikaifuata.

Nimetumia WireGuard, programu ya VPN inayojenga njia ya siri kati ya kompyuta. Tangu kerneli 5.6 ya mwaka 2020 imo ndani ya Linux yenyewe, na mipangilio yake mtu unaweza kuisoma ukaielewa. Kila upande una ufunguo wake, seva iko katikati, na upande wa karakana una mstari `PersistentKeepalive = 25` ili kila sekunde 25 utoke mnong'ono mdogo unaolifanya shimo la mtandao lisizibe. Bila mstari huo unganisho linalala, na ukilihitaji usiku hulipati.

Ukuta wa moto wa kompyuta ya mashine unapokea kitu kimoja tu: SSH, njia ya siri ya kutuma amri kwenye kompyuta ya mbali, tena kutoka ndani ya WireGuard. Mengine yote hapana. Sehemu hii ilikwenda haraka kuliko zote, sina la kuongeza.

linuxcncrsh, mezani

LinuxCNC inakuja na seva yake ya amri za mbali, linuxcncrsh. Nimeijaribu kwenye laptopu, kwa mipangilio ya mashine ya kuigiza isiyo na chuma wala mota. Unaunganisha kwa telnet kwenye poti 5007, unaandika:

hello EMC dodoma 1.0
set enable EMCTOO
set estop off
set machine on
set mode mdi
set mdi g0 x10 y10

Na mashine ya kuigiza inakwenda. Ni raha kweli, na ni rahisi kuandikia programu. Lakini tazama tena mistari miwili ya kwanza: EMC na EMCTOO ndiyo maneno ya siri ya kiwandani, yameandikwa kwenye nyaraka ambazo kila mtu anasoma. Unaweza kuyabadilisha wakati wa kuwasha, ila bado yanapita kwenye waya yakiwa uchi, maana telnet haifichi kitu. Ndani ya WireGuard hilo lingevumilika. Kisichovumilika kwangu ni kwamba aliyepita mlango huo ana kila kitu: anaondoa hali ya dharura, anawasha mashine, anasogeza mhimili wowote popote. Mimi nataka mlango wenye vitu vichache. Nimeiweka kando. Kwa mtu mwenye roboti ndani ya kizimba chenye kufuli, ambapo kompyuta moja inaamuru nyingine kwa waya wa mita mbili, nadhani ndiyo chaguo sahihi.

Mshale

Nilikuwa Keko, Jumapili, karakana imefungwa. Biti imetolewa kwenye spindo, meza tupu, mkono wangu wa kushoto juu ya kitufe chekundu. Laptopu imeunganishwa na intaneti ya simu yangu, si ya karakana, ili amri izunguke njia ndefu ileile ya Dodoma: kutoka simuni, kwenye seva, na kurudi mita tatu mbele yangu. VNC, yaani ile skrini ya mbali ya x11vnc, imefunguliwa ikiwa na ruhusa ya kugusa.

Kwenye AXIS ukishikilia mshale wa kulia, X inakwenda. Ukiachia, inasimama. Ukiwa mbele ya mashine hulifikirii hilo, kidole na chuma vinakwenda pamoja. Kwa VNC, kushika ni ujumbe mmoja na kuachia ni ujumbe mwingine. Nimeshika, nimeachia: X ikaendelea kidogo, ikasimama. Sawa, ndiyo ucheleweshaji. Nikajaribu tena na tena, mara inasimama mapema, mara inapitiliza kwa upana wa kiganja. Kisha nikashika mshale, na kabla ya kuachia nikazima data kwenye simu.

X ilikwenda mpaka mwisho wa meza. Hakuna aliyeiambia isimame. Kwa upande wa LinuxCNC kidole changu kilikuwa bado kipo juu ya mshale, na kingebaki pale milele. Kilichoisimamisha ni ukomo wa programu uliowekwa kwenye faili la mipangilio la INI, na ukomo huo haujui kama kuna klampu juu ya meza, ubao, au mkono wa mtu anayefagia maranda.

Dawa ya nusu ipo: AXIS ina mwendo wa vipande, unachagua milimita 1 na kila mbonyezo ni milimita 1, hata mtandao ukifa katikati hauzidi hapo. Lakini mtu akisahau kuchagua, tumerudi kulekule.

Basi hapo ndipo nilipoamua. Chochote kinachohitaji kasi ya kidole kinabaki Keko. Kutoka Dodoma zinakwenda amri ambazo zikichelewa sekunde kumi, au zisipofika kabisa, hakuna kinachoharibika. x11vnc sasa inawashwa kwa `-viewonly -localhost`: natazama tu, tena kwa kupita ndani ya SSH.

Kitufe cha kijani

Kuanzisha kazi nako kumeingia kwenye kanuni hiyo. Naweza kuiweka kazi tayari, lakini biti isiteremke mpaka mtu aliyesimama Keko aridhie kwa mkono. Nimefunga kitufe cha kijani kwenye nguzo ya mashine, waya wake uko pini 13 ya poti ya printa.

Njia ya kwanza iko ndani ya faili lenyewe la msimbo wa G, yaani maagizo ya kuchonga ambayo mashine inayafuata. Kila faili linaanza hivi:

M66 P0 L1 Q1800
o100 if [#5399 LT 0]
M2
o100 endif

M66 inasubiri pini ya kuingiza namba 0. L1 maana yake isubiri pini ipande kutoka chini, siyo iwe juu tu, hivyo kitufe kilichonasa kwa vumbi hakihesabiki. Q ni sekunde za kungoja. Nusu saa ikipita bila mtu kubonyeza, #5399 inapewa -1 na faili linajimaliza lenyewe. Hakuna kazi inayobaki imetegwa mpaka kesho yake asubuhi mtu aje abonyeze asichokijua.

Lakini faili linaweza kutoka kwa mtu mwingine, bila mistari hiyo. Kwa hiyo kuna njia ya pili, chini zaidi, kwenye HAL. HAL ni ile sehemu ya LinuxCNC ambapo unaunganisha pini kwa pini kama fundi umeme anavyounganisha waya, isipokuwa waya ni mstari wa maandishi. Nimeweka flipflop moja, swichi inayokumbuka kama iliwashwa au ilizimwa. Kitufe cha kijani kinaiwasha. Programu ikimaliza au ikisimamishwa, inazimika. Mashine ikiwa kwenye hali ya kuendesha faili na flipflop imezimika, pini mbili zinapanda: `motion.feed-inhibit`, inayoshusha mwendo hadi sifuri, na `spindle.0.inhibit`, inayoshusha mzunguko wa spindo hadi sifuri. Hata amri ya kuendesha ikitoka mbinguni, mashine inakaa.

Kwa nini njia zote mbili? Kwa sababu hali ya "inaendesha faili" naipata kutoka halui, sehemu inayoijulisha HAL hali ya programu, na halui haiko kwenye wakati halisi, inachungulia kila baada ya muda mfupi. Katika mwanya huo wa milisekunde mashine inaweza kushtuka kabla haijazuiwa. M66 inauziba mwanya huo. Na pale mtu anapoendeleza kazi iliyositishwa katikati, ambapo M66 imeshapita, HAL ndiyo inayoshika. Nimejaribu kila moja peke yake nikiwa nimeizima nyenzake.

Mjomba alikuja kuangalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiki cha kijani cha nini tena?"

"Mtu asipokibonyeza, mashine haichongi. Hata mimi nikiamuru kutoka Dodoma."

"Hapo sawa," akasema. "Maana wewe uliyeko Dodoma utajuaje vidole vya mtoto wa watu viko wapi?"

Akakibonyeza mwenyewe kwanza, kisha akataka kujua kwa nini hakijaandikwa kitu. Sasa kimeandikwa ANZA kwa rangi ya mafuta, mwandiko wa mchora vibao wa jirani.

Kitufe chekundu hakijaguswa. Kinakata umeme wa draiva na inveta moja kwa moja kupitia kontakta, kisha ndiyo kinaijulisha LinuxCNC. Sitaki programu yoyote, huria au ya kununua, isimame kati ya kitufe hicho na spindo.

Amri nne

Kwenye kompyuta ya mashine nimeandika skripti moja ya Paitoni inayotumia moduli ya `linuxcnc`. Inajua maneno manne: hali, pakia, subiri, katisha. Ufunguo wangu wa SSH umefungwa kwayo. Kwenye faili la `authorized_keys` mstari wa ufunguo huo unaanza na `restrict,command=`, kwa hiyo anayeingia nao hapati ganda la kuandikia amri, anapata skripti hiyo tu. Simu ikiibwa kwenye daladala, mwizi anaweza kuona X iko wapi na kukatisha kazi. Atanikera, lakini hatamuumiza mtu. Kutazama skrini kuna ufunguo mwingine, unaoruhusu poti ya VNC na si zaidi.

*hali* inatoa faili lililofunguliwa, mstari unaochongwa, mahali pa kila mhimili, na kama mashine imewaka. Kuna jambo moja la kujihadhari hapa kwa anayetaka kufanya vilevile. Moduli ina mlango wa ujumbe wa makosa, `error_channel`, na inashawishi kuusoma ili nao uletwe Dodoma. Usiusome. Ni foleni, ujumbe ukishachukuliwa na msomaji mmoja haupo tena. Skripti yangu ikiuchota, AXIS haiuoni, na dogo anabaki mbele ya mashine iliyosimama bila neno lolote kwenye skrini. Makosa nayasoma kwa macho kwenye VNC.

*pakia* inapokea faili kwa njia ya SSH, inakagua kama M66 ipo mwanzoni, inakataa kama mashine iko kazini, kisha inalikabidhi kwa `axis-remote` ili lifunguke ndani ya AXIS na dogo aone mchoro wake. Anayeweka sifuri ya ubao, mahali vipimo vinapoanzia, ni dogo, na ndiyo sababu nyingine mashine haiwezi kuanza bila yeye: mimi sijui ubao umelalia wapi.

*katisha* ni `c.abort()`. Nimeiweka lakini sitarajii kuitumia sana.

*subiri* ndiyo iliyonifikirisha. Njia nyepesi ni kusitisha kazi hapohapo kwa AUTO_PAUSE. Tatizo ni kwamba kusitisha kunasimamisha mihimili, spindo inaendelea kuzunguka. Biti ya milimita 6 ikibaki inazunguka mahali pamoja ndani ya mninga, muda mfupi tu inatoa harufu, halafu moshi, halafu unapata doa jeusi la duara ambalo msasa hauliondoi. Na mimi nikiwa Dodoma siwezi kuinyanyua.

Nikaachana nayo. Faili zangu zinatoka FreeCAD, programu ya kuchora, na nimerekebisha utokaji wake ili baada ya kila awamu biti ikishanyanyuka juu ya ubao kuwe na M1. M1 ni kituo cha hiari, kikizimwa mashine inapita bila kusimama. *subiri* inawasha hiari hiyo, `c.set_optional_stop(True)`, basi. Kazi inaendelea mpaka mwisho wa awamu, biti inapanda, mashine inasimama ikiwa hewani. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Haraka ya kweli ina kitufe chekundu na mtu wa kukigonga.

Umeme

Huu ndio uliokuwa ukitutesa kabla hata ya habari za mbali. Umeme ukikatika katikati ya kazi, UPS inaibeba kompyuta, lakini draiva na spindo haziko kwenye UPS na hazitakuwepo. Matokeo yake kompyuta inaendelea kupiga mapigo kwa mota zilizokufa. Umeme unarudi, mota zinashika, na mashine inachonga ua la waridi sentimita nne kando ya lilipotakiwa.

Nimeweka relei yenye koili ya volti 230, imeunganishwa kwenye umeme wa ukutani kabla ya UPS. Umeme ukienda koili inaachia, mguso unafunguka, pini 11 inabadilika, na mnyororo wa dharura ndani ya HAL unakata kila kitu. Umeme ukirudi hakuna kinachojiwasha, dogo anaanza upya kwa kutafuta nyumbani kwa kila mhimili, yaani mahali unapoanzia kuhesabu. Modemu nayo imehamia kwenye UPS, kwa hiyo hata giza likiingia Keko, *hali* inajibu kwamba mashine iko kwenye dharura na ilikuwa mstari upi.

Kuendelea kuanzia mstari wa katikati naepuka. AXIS inaruhusu, ila ukichagua mstari vibaya inashuka mahali pasipotarajiwa. Nimegawa kazi kubwa kuwa faili fupi, kila biti na faili lake, na faili refu likakatwa kwa eneo. Umeme ukikatika tunarudia kipande kimoja.

Kizingiti

Kazi ya kwanza halisi ilikuwa kizingiti cha juu cha mlango wa mtindo wa Zanzibar, mninga, mnyororo pembeni na maua katikati. Nilikipakia jioni kutoka Dodoma. Dogo akafunga ubao, akaweka sifuri, akanipigia.

"Injinia, imefunguka. Mbona haiendi?"

"Inakungoja wewe. Klampu umezikaza?"

"Nimezikaza."

"Ya upande wa modemu?"

Kimya. Nikasikia spana. Kisha akabonyeza ANZA, na picha iliyofuata ya Pi ikaonyesha vumbi limeanza kuruka.

Awamu ya kusafisha ilikwenda vizuri. Kwenye awamu ya mnyororo nikaona kwenye picha kwamba kingo zina manyoya, mninga ukikatwa na biti butu ndivyo unavyofanya. Nikatuma *subiri*. Mashine ikamaliza awamu, ikanyanyua, ikasimama. Dogo akatazama biti, ncha imeliwa. Akaweka mpya kwa urefu uleule, akabonyeza kuendelea kwenye AXIS kisha ANZA. Katikati ya awamu ya mwisho mtandao ulipotea upande wangu, na ulipokaa sawa kizingiti kilikuwa kimekwisha na kimeshaondolewa mezani.

Kuhusu hilo la mtandao kupotea, kuna rafiki aliniuliza kama nimeweka mashine ijisimamishe unganisho likikatika. Hapana, na sitaweka. Aliyepo Keko ndiye msimamizi, mimi ni mtazamaji mwenye ruhusa ya kuleta faili. Kinachofuata kwenye mantiki hiyo ni kwamba karakana ikiwa haina mtu, mashine haichongi. Biti butu ikisugua mbao, chini kukiwa na gunia la unga wa mbao, hatutaki kuigundua kupitia picha ya kila sekunde 5.

Inayobaki

Nimeagiza kadi ya Mesa 7i76E ili mapigo yatengenezwe na kadi yenyewe na kompyuta ipumzike na ule uzi wa mikrosekunde 25. Utabaki uzi wa servo, ule wa kupanga mwendo, wa milisekunde 1. Kadi hiyo inaongea na kompyuta kwa kebo ya mtandao, na inataka poti yake peke yake, haichangii na modemu. Ikikosa kusikia kutoka kwa kompyuta kwa milisekunde 5, kama ilivyowekwa kiwandani, inakata. Kwa hiyo itahitajika kadi ya pili ya mtandao, na nafasi ndani ya kompyuta ipo.

Kabla ya hapo dogo ameomba kengele ilie mashine ikisimama kwenye M1, kwa sababu akiwa anapiga msasa nyuma hasikii kama spindo inachonga au inazunguka hewani. Ombi zuri. Pini 17 ya poti ya printa iko wazi, relei ndogo imebaki moja, na king'ora cha volti 12 cha pikipiki mjomba anacho kwenye kopo la misumari.